Mchanga wa Bidiya kwa Macho ya Baba

Jamani, nimechoka kuulizwa. Nikienda kununua mkate naulizwa, nikitoka msikitini naulizwa, hata kinyozi juzi alinishika kidevu, wembe mkononi, akaniambia, "Sule, ilikuwaje huko mchangani? Na mbona umerudi tu, unatafuta gari jengine?" Nikamwambia amalize ndevu kwanza. Sasa nakuandikieni nyote kwa pamoja. Pokezaneni, asiyejua kusoma asomewe, kisha mniache nipumue.

Matrah: Kupanga

Mnaomjua Baba mnajua kwamba alizaliwa Bidiya, ukingoni mwa mchanga, akapelekwa Unguja mtoto mdogo, akakaa huko mpaka mvi zikamjaa. Tunapenda kusema tulirudi Oman. Mie sikurudi popote, mie nimezaliwa Malindi na huku nimekuja tu. Yeye ndiye aliyerudi, na alirudi mpaka Matrah akakwama. Kiuno kilimvunjika zamani alipoanguka kwenye mkarafuu, na njia ya Bidiya ni mawe matupu. Akawa kila siku anasema atakwenda, kiuno kikipoa.

Kisha yakaja macho. Daktari alimmulika, akasema jicho moja limekwisha na la pili linafuata, ni presha ya ndani ya jicho, na kilichopotea hakirudi. Tulipotoka pale Baba alinishika mkono kwa nguvu, yeye ambaye hapendi kushikwa.

"Nataka niuone mchanga wa kwetu kabla kiza hakijanifunga," akasema. "Na si mchanga wowote, Sule. Pale mama yangu alipokuwa akipiga hema wakati wa baridi, penye mighafu, ile miti ya jangwani, baina ya milima miwili."

Mie ni mpiga picha. Tangu sina ndevu nimo studio, nawapiga maharusi mbele ya pazia lenye bustani ya rangi. Picha ya nchi tupu isiyo na mtu sikuwahi kuipiga hata moja, maana nani ataitaka? Lakini siku ile nilisema bila ya kufikiri: "Ntakuletea, Baba. Ntakuletea picha kubwa kama masinia, uzishike mwenyewe."

Basi nikapanga. Khabari za ruhusa na makaratasi sikwambieni, kila mtu anazijua adha zake. Nilipanga iwe baridi, maana kiangazi hewa ya kule huwa nyeupe kama maji ya mchele, huoni mbele wala nyuma. Baridi hewa husafika, jua huja kwa ubavuni, na kila wimbi la mchanga hutoa kivuli cheusi. Cheusi na cheupe ndivyo pekee jicho la Baba lililokuwa bado likivitambua. Nikaazima kioo cha manjano cha kutia mbele ya lenzi ili mbingu itoke nzito, nikakaza misumari ya stendi ya miguu mitatu, nikaizongazonga kamera ndani ya blanketi la mtoto. Filamu nikazitia katika kopo la maziwa na kulifunga kwa nta, mchanga usipate mlango.

Dada yangu Asha, ndiye anayemtunza Baba, alinifungia vitumbua na mikate ya ufuta. Akanifuata mpaka nje.

"Sule, usikae huko," akasema. "Kila siku anasogeza kiti karibu zaidi na dirisha. Sasa amefika, hakuna pa kusogeza tena."

Maneno hayo yaliniganda. Toka hapo, jamani, kila aliyenichelewesha nilimwona adui yangu.

Ruwi mpaka Fanja: Mhandisi wa daraja

Magari ya bara yalikuwa yakikusanyika Ruwi. Nilipata nafasi katika lori la Khalfan, Mwarabu kwa sura na kwa kabila, lakini amekulia Ujiji, na Kiswahili chake cha bara utadhani amezaliwa stesheni ya reli. Alikuwa anapeleka saruji na sukari Sur. Makubaliano yetu: atanishusha Mintirib, kwenye ngome ya Bidiya, na akirudi kutoka Sur atapiga honi pale pale.

"Nikipiga honi usipotokea, naondoka," akasema. "Sina mchezo na safari."

Loo, huyo ndiye asiye na mchezo! Tulimngoja abiria mmoja ambaye hakuja. Tukangoja tairi. Tairi likaja, Khalfan akakumbuka hajanywa chai. Kila nikimkumbusha ananipiga bega na kuniambia, "Haraka haraka haina baraka, fundi." Methali hiyo nimeisikia tangu chuoni, sikuwahi kuichukia, lakini mpaka tunafika Ghubra nilikuwa natamani kumtupa nje aliyeitunga. Na Ghubra kwenyewe akasimama, eti hawezi kupita bila ya kuwasalimia wakwe. Nikakaa ndani ya lori baina ya mifuko ya saruji, nautazama mchana unavyokwenda zake. Tulipoiacha Ansab mkono wa kushoto jua lilikuwa limeshalala upande, jua zuri la picha, linapotea bure.

Fanja tukakuta wadi, ule mto wa mvua, limeshuka. Milimani kumenyesha, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yamejaa kutoka ukingo mpaka ukingo. Huku magari, kule magari, punda huku, punda kule, na watu wamekaa wanayatazama maji. Hakuna mwenye wahka ila mie. Niliuliza yatapungua lini, mzee mmoja akanijibu, "Yakimaliza."

Kwa kuwa nilikuwa sina la kufanya, nikasimamisha stendi yangu nijaribu kamera. Hilo ndilo kosa. Mwaka huu wa serikali mpya, mnajua wenyewe, kila mtu anangoja barabara, anangoja skuli, anangoja hospitali. Wakaniona mtu mweupe mweupe, amevaa suruali, anachungulia maji kwa chombo cha miguu mitatu. Basi! Wakanizunguka.

"Daraja litakuwa hapa?" akauliza mmoja.

Kiarabu changu, mnakijua, ni cha msahafu na khutba. Ya kununua vitunguu siyajui. Nikamjibu kama khatibu juu ya mimbari kwamba hakika mimi si mjenzi, bali ni mwenye kuchukua taswira. Wakatazamana. Mtu anayesema hivyo hawezi kuwa mtu mdogo! Mmoja akasema daraja liwekwe kule juu, penye mwamba. Mwengine akasema haiwezekani, kule juu ni shamba la shemeji yake na maji yatamgeukia. Wakaanza kubishana mpaka bakora zikanyanyuliwa. Nikamwita Khalfan anisaidie, naye, Mungu anamwona, akaja na uso wa msiba akawaambia, "Mhandisi ana haya. Hataki kusema kabla ya serikali."

Nilikasirika, nisikufichieni, lakini njaa ilinyamazisha hasira. Mwenye shamba la juu alileta birika la kahawa na kikapu cha tende, kisha sinia la wali na papa mkavu. Mwenye shamba la chini akaona asipitwe, akaleta asali. Tulikula vya kambi zote mbili. Nikawaapia tena na tena kwamba sina daraja, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kunisogezea asali. Maji yalipopungua kesho yake walilisukuma lori letu kwa mikono yao. Naambiwa sasa pale wamepaita Kwa Mhandisi.

Wadi Aq na Ibra: Mifupa

Njia ya Wadi Aq sina maneno mazuri nayo. Unapita ndani ya wadi lenyewe, juu ya mawe makubwa kama mitungi, milima imekubana huku na huku, na kila ukiruka mifupa inagongana. Nilikaa nimeipakata kamera kama mtoto mwenye homa. Khalfan anaimba. Nilimfikiria Baba na kiuno chake, nikasema moyoni, alhamdulillahi hakuja.

Ibra tulilala, tukala boko boko lenye samli iliyosimama juu yake, na mwenye nyumba akatuuliza khabari za Maskati. Nikaanza kumweleza kwa kirefu, vipi mji ulivyojaa watu wa Unguja, vipi malango ya mji hayafungwi tena usiku. Khalfan akanikanyaga mguu. Kumbe anayeulizwa khabari mara ya kwanza hujibu hakuna khabari, kheri tu, anywe kahawa kwanza. Nikaja kufahamu baadaye kwamba kule kila jambo lina zamu yake. Wakati ule nilijua tu kwamba nimekanyagwa.

Mintirib: Mgeni na jembe

Hapa ndipo, jamani. Nisikilizeni vizuri.

Ami Hamed ni mtoto wa ami yake Baba, mtu mrefu mkavu, ndevu nyeupe, jambia kiunoni hata akienda kutazama mbuzi. Tukabusiana mikono, akalia alipolisikia jina la Baba, akachinja mbuzi. Nyumba yake imesimama mwisho wa mji. Nyuma ya ukuta ni mitende yake, na nyuma ya mitende, Subhanallah, mchanga. Si mchanga wa pwani. Milima! Imeinuka juu ya makuti ya mitende, myekundu, na asubuhi kivuli chake kimekatwa kwa kisu. Nilikuwa nikiona kila nilichokuja kukitafuta, kutoka mahali nilipokaa kunawa mikono.

Na sikuweza kwenda. Pale penye mighafu anapajua Ami Hamed peke yake, na bila yake nitapiga mchanga wa watu. Juu ya dari sikuweza kupanda, maana ungewaona wanawake wa jirani. Na kumwambia shida yangu sikuweza kabla hajaniuliza. Ndivyo tulivyolelewa, hamkulelewa hivyo? Mgeni hafiki na kupakua haja zake mlangoni kama mchuuzi. Mwenyeji humwuliza, "Haya, kwema? Umetuletea kheri gani?" Hapo ndipo unasema.

Ami Hamed hakuuliza. Aliniuliza nimelala vipi, aliniuliza kahawa ina iliki ya kutosha, alinisimulia ngamia wake mmoja mmoja kwa majina. Siku ya kwanza ikapita. Majirani wakanialika, kila nyumba kahawa na tende na halua. Siku ya pili ikapita. Nikila, nikitazama mchanga juu ya ukuta. Nikilala, namwona Baba na kiti chake dirishani. Nilihisi wadudu ndani ya miguu. Hivi huyu ami hajiulizi kwa nini mtu ametoka Matrah na stendi ya miguu mitatu?

Alfajiri ya siku ya tatu nikapata akili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe! Nikasema, ala, kumbe mzee ananingoja mie. Ugeni wangu umekwisha, na mie nimekaa kama bwana harusi. Nikishika kazi ataona kwamba mie mtu wa nyumbani, si mgeni tena, na watu wa nyumbani husemezana. Wao wamekwenda msikitini, mie nikasali haraka, nikakunja mikono, nikaliona jembe limeegemezwa ukutani, nikaingia shambani. Nikalima majani ya ng'ombe tuta zima. Nikazibua na mfereji wa maji. Nilikuwa natoka jasho na nafurahi, mara ya kwanza tangu Ruwi.

Wakatoka msikitini. Ami Hamed mbele, majirani nyuma yake, kundi zima. Wakasimama.

Macho yote kwenye jembe. Ami Hamed alikuwa mwekundu, akawa mweupe. Akaja akaninyang'anya jembe mkononi, akalitupa mbali mpaka likapiga mtende, akaingia ndani. Mmoja katika majirani akaninong'oneza kwa huruma, "Mwanangu, umeona njaa kwake?"

Muda si muda nikasikia mbuzi analia. Kisha mwengine. Ami Hamed alichinja wawili, akaita mtaa mzima, akasimama mbele ya watu akatangaza kwamba mwana wa nduguye kafika leo, na ugeni wake unaanza leo.

Unaanza leo! Nilikaa mbele ya sinia lile, nyama mpaka kifuani, machozi yananilenga. Watu walidhani nimeguswa na ukarimu.

Aliyeniokoa ni mke wa Ami Hamed, Bi Salha. Huyu ni Mpemba wa Wete, aliolewa zamani akaletwa huku, na Kiswahili chake hakijaingia mchanga hata chembe. Aliniita kesho yake asubuhi, mwenyewe nyuma ya pazia.

"Weye mwana," akasema, "jembe ulilitakia nini?"

Nikamwambia methali. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hiyo kaiwache Pemba! Huku mgeni siku tatu hashiki kitu, na akishika ni kama kutangaza sokoni kwamba hapewi chakula. Umemvua nguo ami yako mbele ya jamaa." Kisha akasogea karibu na pazia. "Na hukuniletea hata nazi moja. Haya, hebu nambie, kilichokuleta nini?"

"Mbona Ami haniulizi?" nikasema.

"Atakuulizaje? Kwao mgeni haulizwi haja yake kabla ya siku ya tatu. Siku ya tatu ndo angekuuliza, angekuuliza jana baada ya kahawa ya asubuhi! Weye ukamtangulia na jembe. Yeye angoja siku zishe, weye wangoja kuulizwa. Mtakaa hivyo mpaka mitende ikauke. Mie Mpemba, mie nauliza. Sema."

Nikasema. Nikamwambia macho ya Baba, na dirisha, na jicho la pili. Nililia, sioni haya kukuambieni. Bi Salha akaondoka pale pale. Nikasikia viatu vyake vinapiga ua, na sauti yake kwa Kiarabu, kali, ikimwita mumewe kwa jina lake tupu.

Ami Hamed alikuja mbio. Hakukaa. "Baba yako anakuwa kipofu," akasema, "na wewe umekaa kwangu unakula nyama?"

"Nilingoja uniulize, Ami."

"Haja ya mzazi haina ugeni! Hiyo unaisema ukiwa bado juu ya gari!" Alikuwa anafoka, na machozi pia yanamtoka. Akatoka nje akaanza kufunga ngamia kwa mikono yake mwenyewe.

Mchangani: Mighafu

Tulitoka saa ile ile. Ngamia simpendi na yeye hakunipenda. Tulipanda mchanga, tukashuka, tukapanda, na kila tukifika juu naona mwengine mbele. Ami Hamed alitangulia mbele mpaka jioni, kisha akasema neno moja, "Hapa," akamlaza ngamia.

Bonde refu baina ya milima miwili, na ndani yake mighafu, majani yake yameanguka kama nywele zilizolowa. Hapakuwa na chochote chengine. Ami Hamed akawasha moto, akapika mkate ndani ya majivu, tukaula na samli. Usiku ule baridi ilinifunza adabu. Nilivaa kila nilichokuwa nacho na bado nikatetemeka mpaka alfajiri.

Na alfajiri, ukungu! Nani aliniambia hewa ya baridi ni safi? Mie mwenyewe nilijiambia. Ukungu mzito umelala bondeni, hata mghafu wa karibu sikuuona. Nikasimama na kamera tayari, nakwenda, narudi, nafuta lenzi, inatoka umande, nafuta tena. Ami Hamed ananimiminia kahawa, siinywi.

Jua likauchana ukungu ghafla. Upande mmoja wa bonde ukawaka, upande wa pili ukabaki mweusi, na baina yao mstari mwembamba unaopinda juu ya mlima mpaka mbinguni. Nilipiga. Nilipiga mpaka mikono ikafa ganzi. Nilipiga mighafu na vivuli vyake virefu, nilipiga mawimbi ya mchanga, nilipiga nyayo za mbweha zinazopanda peke yake. Nilikuwa nasema peke yangu kama mwendawazimu, "Hii ataiona. Hii pia ataiona. Hii hata kipofu ataiona." Astaghfirullah.

Ami Hamed alisimama nyuma yangu wakati wote. Nilipomaliza filamu ya mwisho akaniambia, "Mwambie mighafu iko. Mmoja umekufa, iliyobaki iko."

Mintirib mpaka Matrah: Papa

Tulipofika ukingoni mwa mji nilisikia honi. Nilimpiga ngamia, na ngamia, kwa mara ya kwanza, akanisikiliza. Khalfan alikuwa ameshawasha gari. Bi Salha alinitupia kikapu cha tende juu ya ukuta, na Ami Hamed alinibusu kipaji akasema, "Nenda, usiage."

Lori lilikuwa limejaa papa mkavu wa Sur mpaka juu. Sikujali. Nilimwambia Khalfan kwamba akisimama kuwasalimia wakwe nitaendesha mwenyewe, na sijui kuendesha. Akanitazama usoni, hakunitajia baraka wala haraka. Wadi lilikuwa kavu. Pale Fanja watu waliponiona walinyanyua mikono, na Khalfan akapita bila ya kusimama. Ghubra pia akapita. Alikuwa ameshafahamu.

Matrah: Dirishani

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda studio na uvundo wangu wa papa, nikajifungia katika chumba cha giza, nikasafisha filamu zote. Hakuna hata moja iliyoharibika. Nikachapa kubwa kubwa, nikazikausha kwa upepeo kama samaki wa kuchoma. Wallahi, sijapata kupiga picha kama zile na sidhani kama nitapiga tena.

Asha alinifungulia mlango. Alizitazama picha kwapani, akanitazama mie, akaanza kunambia kitu, akaacha.

Baba alikuwa dirishani. "Sule," akasema, "unanuka papa."

Nikapiga magoti, nikamwekea ya kwanza mikononi, ile ya mstari. Aliinyanyua, akaielekeza kwenye mwangaza. Akaipitisha kidole pembeni.

"Karatasi nzuri," akasema. "Nzito."

Nikampa ya pili. Nikampa ya mighafu. Kila moja aliielekeza kwenye mwangaza, akanirudishia taratibu. Nikamtazama Asha, naye ameziba mdomo kwa ushungi. Jicho la pili lilikuwa limefunga. Lilifunga siku zile mie nilipokuwa nimekaa mbele ya sinia.

Nisikufichieni, nilisema maneno. Nilimlaani Khalfan na chai yake, wadi na maji yake, Ami Hamed na mbuzi wake, nikajilaani mie na jembe langu. Baba aliniacha mpaka nikaishiwa.

"Jembe gani?" akauliza.

Nikamsimulia, toka Ruwi mpaka honi. Hakutaka kuruka kitu. Alitaka kujua nani alileta asali na nani alileta papa. Nilipofika kwenye jembe alicheka mpaka akashika kiuno, akamwita Asha aje kusikia. "Mie nilipofika Unguja," akasema, "siku ya tatu ami yangu alinipa jembe. Nililia mpaka jioni. Nilidhani nimefukuzwa." Akajifuta macho yale, akacheka tena, mie na Asha tukacheka naye, sijui kwa nini.

Kisha akaniuliza, "Na mchanga asubuhi ulikuwaje?"

"Mwekundu, Baba. Upande mmoja unawaka, upande wa pili—"

"Sikuulizi rangi. Ulikuwa baridi?"

"Hewa ilikuwa baridi sana."

"Mchanga, Sule. Miguuni."

"Nilivaa viatu, Baba."

"Hukuvua?"

"Sikuvua."

Akatikisa kichwa, akanishika bega. "Basi hukufika, mwanangu."

Kisha akazinyoosha nyayo zake mbili mbele yangu, za mzee, zimepasuka visigino. "Haya macho yamekwenda zake," akasema. "Lakini hizi zi hai. Kwani nani alikwambia nilitaka picha? Wewe ndiye uliyesema picha. Mie nilisema nataka mchanga."

Nikamwambia Wadi Aq. Nikamwambia mawe, nikamwambia kiuno. Akasema kiuno ni chake.

Kwa hivyo, jamani, ndiyo maana natafuta gari jengine. Lori la Khalfan halifai. Mwenye gari lenye springi nzuri na kiti cha kuegemea, au anayemjua mwenye nalo, aje studio leo, asingoje kesho. Baridi imebaki kidogo, na joto likishaingia mchanga ule hautakanyagika. Asha ameshashona mito. Na Baba, tangu siku ile, hataki kuvaa makubadhi.